Uume unauma na umeanza kupinda: namna ya kuvuka miezi ya maumivu

Wanaume wenye shida hii hawapangi foleni. Husubiri benchi la zahanati libaki tupu, ndipo mmoja anasogea mlangoni na kusema, "Kaka, naomba tuongee pembeni." Ataanza na mgongo, atapitia kibofu, na dakika kumi zikishapita ndipo anasema lililomleta: uume unauma ukisimama, kuna kitu kigumu ndani yake kama punje ya mbaazi, na siku hizi umeanza kuinama upande mmoja. Halafu yanakuja maswali yale yale. Ni kansa? Ni gono? Nimetegwa? Ninywe dawa gani? Nimwambie nini mke wangu?

Mimi ni muuguzi, kazi yangu iko Mtwara, na ugonjwa huu nimeupitia mwenyewe nikiwa na miaka 47. Maumivu yangu yalichukua miezi tisa. Nimeyaandika hapa yale ninayowaambia wanaobaki nyuma ya foleni, ili na wewe ambaye hujathubutu kufika mlangoni uyapate. Mwongozo huu ni wa kipindi cha mwanzo tu, kile cha maumivu. Habari za kunyoosha uume uliokwisha kupinda zina wakati wake, na wakati huo si sasa.

Kinachouma ni nini

Ndani ya uume kuna utando mgumu unaozunguka sehemu zinazojaa damu. Utando huo ukijeruhiwa, mara nyingi kwa majeraha madogo ya wakati wa tendo ambayo hata huyakumbuki, baadhi ya watu hujengeka kovu nene mahali pale. Kovu halinyumbuki. Uume ukisimama, upande mzima unavutika na wenye kovu unabaki mfupi, ndiyo maana unapinda. Kovu likiwa bado bichi linauma na linabadilika umbo. Kipindi hicho kwa kawaida huchukua kati ya miezi 6 na 18. Kovu likikomaa maumivu huisha, na huisha kwa karibu watu wote. Lishike hilo hata kama mengine yote utayasahau, maana usiku wa manane utalihitaji.

Ugonjwa huu unaitwa Peyronie, kwa jina la François Gigot de la Peyronie, daktari mpasuaji wa mfalme Louis XV wa Ufaransa, aliyeueleza mwaka 1743. Namtaja kwa sababu ya suala la tego. Wagonjwa aliowaandika yule daktari hawakuwa wametembea na mke wa mtu wa Newala wala Kilwa. Ugonjwa uko dunia nzima, huwapata zaidi waliovuka miaka 40, na huonekana sana kwa wenye kisukari na wavutaji sigara. Si kansa na hauambukizi. Wala si busha: busha hukaa kwenye mfuko wa korodani, kovu hili liko kwenye shina la uume wenyewe. Na ukiambiwa ni "ngiri" na mtu anayeuza dawa ya ngiri, jua anakuambia jina la bidhaa yake.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo la shule na kalamu.
- Karatasi nyeupe chache na penseli.
- Vidonge vya paracetamol vya miligramu 500. Vya ibuprofen visubiri hadi usome hatua ya 2.
- Vitambaa viwili laini vya pamba. Kipande cha kanga iliyochakaa kinafaa kuliko taulo jipya.
- Barafu, au ndoo ya maji yaliyolala kwenye mtungi.
- Chupi ya pamba inayoshika bila kubana.
- Majina ya dawa zote unazotumia sasa, za hospitali na za mitishamba. Ukisahau majina, beba maboksi.
- Mtu mmoja anayejua. Kama una mke, awe yeye.

Hatua ya 1: Shikwa na daktari, usijipime kwa simu

Nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au moja kwa moja hospitali kama unaweza. Mtwara mjini kuna Ligula, na kuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Lindi kuna Sokoine. Walio upande wa Masasi wana Ndanda, na walio upande wa Mtama wana Nyangao. Ukitaka kuhudumiwa na daktari wa kiume, omba. Ni ombi la kawaida, hakuna atakayekushangaa.

Aibu hufanya watu waseme "nina maumivu chini huku", wakaandikiwa dawa za gono au za mkojo, wakazimeza mara tatu bila nafuu. Ukishakaa kwenye kiti, sema maneno haya kama yalivyo: "Uume unaniuma ukisimama. Nahisi kitu kigumu ndani. Umeanza kupinda tangu mwezi fulani. Naomba unishike uangalie kama ni kovu." Daktari akipapasa kwa vidole mara nyingi atalikuta. Huenda akaagiza kipimo cha mkojo ili kuondoa wasiwasi wa maambukizi. Ombeni pamoja kipimo cha sukari na cha presha, maana majibu yake ndiyo yatakayoamua dawa ya hatua inayofuata.

Usiruke hatua hii. Uvimbe mgumu kwenye uume una sababu nyingine chache, na baadhi yake hazisubiri. Kidonda kisichopona, ngozi inayooza au usaha si dalili za ugonjwa ninaouzungumzia.

Hatua ya 2: Tumia dawa ya maumivu kwa saa na kwa kipimo

Makosa mengi hutokea hapa, kwa hiyo soma polepole.

Paracetamol ndiyo ya kuanzia kwa karibu kila mtu. Mtu mzima anameza vidonge 2 vya miligramu 500, anakaa saa 6, ndipo anarudia akihitaji. Visizidi vidonge 8 ndani ya saa 24. Kama unakunywa pombe kila siku au una ugonjwa wa ini, uliza kwanza.

Ibuprofen, ambayo wengi wanaiita Brufen, inatuliza na ule uvimbe wa ndani unaoleta maumivu. Kipimo cha kawaida ni miligramu 400 baada ya kula, isizidi mara 3 kwa siku. Dawa za kundi hili ndizo ambazo chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2015, kinasema mgonjwa anaweza kupewa kwa maumivu ya kipindi hiki. Lakini usizinywe bila ruhusa ya daktari kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, presha, pumu, au unatumia dawa za kuyeyusha damu. Ndiyo maana nilikutuma upimwe kwanza.

Tahadhari nne za duka la dawa:

- Ibuprofen na diklofenaki ni ndugu. Meza moja tu kati yake. Ukizichanganya hupati nafuu mara mbili, unaumiza tumbo na figo mara mbili.
- Kuna vidonge vya mchanganyiko vyenye diklofenaki na paracetamol ndani yake. Ukivimeza na juu yake ukaongeza Panadol, umeshazidisha paracetamol bila kujua. Soma boksi, au mwombe muuzaji akusomee.
- Tramadol usiinunue wala usipewe na rafiki. Mtu huizoea akashindwa kuiacha, na maumivu haya ni ya miezi.
- Msimu wa mabibo, uraka (pombe ya mabibo) na vidonge hivi havikai tumbo moja.

Kama uko kwenye Ramadhani, ibuprofen inakaa vizuri baada ya futari na baada ya daku, kwa sababu tumbo lina chakula. Usimeze kwa maji matupu alfajiri.

Tumia ibuprofen siku 7 hadi 10, kisha rudi kwa aliyekuandikia umweleze imefanya nini. Kuendelea miezi kwa kujinunulia mwenyewe ndiko kunakoleta watu kwetu wakitapika damu.

Hatua ya 3: Panga usiku

Usiku ndio mgumu. Mwanaume mwenye afya husimamisha akiwa usingizini mara 3 hadi 5 kila usiku, atake asitake, bila ndoto wala hamu. Kwa mwenye kovu bichi kila mara hiyo ni mvuto kwenye jeraha. Nilikuwa naamka saa nane, saa tisa unusu, na alfajiri kabla ya adhana. Mke wangu alinikuta usiku mmoja nimekaa barazani na kitambaa kibichi mapajani, taa imezimwa, nahesabu pumzi. Alidhani nimepokea habari ya msiba.

Baadaye nilijifunza mpangilio huu, na ndio ninaowapa wengine:

1. Kula chakula cha jioni mapema, na kama umeruhusiwa ibuprofen, dozi ya mwisho ya siku iwe hapo. Kama unatumia paracetamol, dozi ya mwisho iwe unapopanda kitandani.
2. Punguza maji na chai saa mbili kabla ya kulala. Kojoa kabla ya kupanda kitandani hata kama hujabanwa.
3. Lala ubavu. Kulala kifudifudi kunaukandamiza uume ukisimama, na ukikandamizwa unapindishwa palepale penye kovu.
4. Vaa kikoi au shuka lililolegea. Chupi inayobana usiku inaukunja.
5. Weka kitambaa kibichi kwenye bakuli karibu na kitanda, usije ukapapasa gizani.
6. Maumivu yakikuamsha, inuka. Usibaki umejikunja ukisubiri. Kojoa, kisha tembea peku kwenye sakafu ya saruji dakika mbili tatu. Damu ikipata kazi ya miguu uume hulegea.
7. Weka kitambaa kibichi dakika chache, pumua polepole, rudi kitandani.

Wengi huuliza kama kuna dawa ya kuzuia uume usisimame kabisa usiku. Usiitafute. Kule kusimama ndiko kunakopeleka damu mpya kwenye nyama za uume, na uume usiosimama kwa miezi unapoteza zaidi. Na usiufunge kwa mpira wala kamba. Amewahi kuja kijana aliyeufunga na mpira wa tyubu ya baiskeli ili asiamke usiku. Ulikuwa umevimba na kubadilika rangi, na wiki nzima tulikuwa tunatibu mpira, kovu likisubiri zamu yake.

Hatua ya 4: Baridi na uvuguvugu

Barafu inayouzwa kwa samaki pale feri inafaa kama nyingine, ila ivunje vipande vidogo na uifunge kwenye kitambaa chako cha kanga mara mbili. Weka dakika 10, usizidishe 15, halafu ondoa kwa saa nzima. Usiiweke barafu juu ya ngozi moja kwa moja. Ukiwa na kisukari na ngozi yako imepungua hisia, acha barafu, tumia maji ya mtungi tu.

Kwa yale maumivu ya mchana yasiyo makali, yanayokaa kama jino linalosumbua, wengine wanapata nafuu zaidi kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Jaribu vyote siku tofauti uandike kipi kimekusaidia. Dawa za kuchua misuli, zile zinazowaka, zisifike huko hata kidogo.

Hatua ya 5: Linda sehemu hiyo mchana

Huhitaji kuacha kazi. Unahitaji kuacha vichache vinavyougandamiza au kuupindisha:

- Baiskeli yenye gunia la korosho nyuma, kwenye njia ya mchanga, inakusukuma mbele ya kiti kila unapokanyaga. Sukuma kwa mguu, au mpe kijana.
- Bodaboda: kaa nyuma kidogo, usijibane kwenye tangi. Abiria anayekaa wa tatu kwa kubanwa ni bora angoje nyingine.
- Wakwezi wa minazi, pumzikeni kupanda kwa sasa. Mti unabana palepale.
- Kupuliza salfa mikorosho na mashine mgongoni hakuna shida yenyewe, ila mkanda wa kiunoni usishuke ukakaa kwenye kinena.

Na sigara: acha. Inaharibu mishipa midogo ya damu, ile ile inayotakiwa kulisha jeraha lipone. Mwenye kisukari, sukari yako ikikaa vizuri unasaidia uume wako kuliko mafuta yoyote ya kupaka.

Hatua ya 6: Mwambie mkeo mapema

Ningeweza kuiweka hii ya kwanza. Sikuiweka kwa sababu wengi wangeacha kusoma hapo.

Ukinyamaza, unachofanya ni kujitenga kitandani, kugeukia ukutani, kurudi nyumbani usiku. Mwanamke anayesoma dalili hizo ana jibu moja tu mkononi, kwamba una mtu mwingine. Mama mmoja alikuja kwetu peke yake kupima magonjwa ya zinaa, hasira zimemjaa, kwa sababu mumewe hakuwa amemgusa miezi minne. Mume naye alikuwa amekuja kwangu wiki mbili kabla yake na kovu. Kila mmoja alikuwa na siri, na siri ilikuwa moja. Sikuwa na ruhusa ya kumwambia la mwenzake. Nilimrudia mume nikamwomba aseme.

Chagua mchana, watoto wakiwa nje, msiwe kitandani. Sema kwa ufupi: "Mama watoto, nina ugonjwa kwenye uume. Ni kovu la ndani. Hauambukizi na sikuutoa nje. Ukisimama unaniuma, ndiyo maana najitenga. Daktari anasema maumivu yataisha, lakini ni miezi." Kisha mwache aulize. Atauliza kama yeye ndiye aliyekuumiza. Mwambie ukweli, kwamba jeraha la namna hii hutokea bila mtu kukosea. Akitaka kuja nawe hospitali, mkubalie. Wanaokuja wawili wanakumbuka maelezo vizuri kuliko anayekuja mmoja.

Kama ni mzito kusema, mwonyeshe ukurasa huu asome. Wengine wamepitisha neno kwa somo au shangazi wa mke, kama mambo ya ndoa yanavyopitishwa huku kwetu, na limefika salama. Ila chagua mwenye kifua.

Hatua ya 7: Tendo la ndoa

Hukukatazwa. Kanuni ni moja: kikiuma, acha pale pale. Usimalizie.

Epukeni mkao wa mwanamke juu, kwa sababu uzito wote unashuka kwenye uume na ukiteleza unajikunja. Ubavu kwa ubavu ni salama zaidi, na mwendo uwe wa polepole. Uume usiosimama vizuri usilazimishwe kuingia, hapo ndipo unapojikunja na kuongeza jeraha jipya. Ulaini ni muhimu. Mafuta ya nazi yanafaa kama hamtumii kondomu. Kama mnatumia, mafuta yoyote yanaila mipira, tumieni jeli ya maji kutoka famasi. Siku ambazo haiwezekani, mikono na maneno vipo, na ndoa nyingi zimevuka hivyo.

Hatua ya 8: Andika, na chora mara moja kwa mwezi

Kwenye daftari, kila jioni mstari mmoja: tarehe, maumivu kwa namba 0 hadi 10, umeamka mara ngapi, umemeza nini. Dakika moja inatosha. Baada ya wiki sita utaona namba zinashuka mahali ambapo moyo ulikuwa unakuambia hakuna kinachobadilika. Mwezi wa tatu niliapa siendelei mbele hata hatua moja. Daftari lilikuwa linaonyesha nimetoka 8 nimefika 5.

Mara moja kwa mwezi, uume ukiwa umesimama, weka karatasi nyeupe ubavuni, chora kwa penseli mstari unaofuata mpindo wake, kisha fanya vivyo hivyo kwa kuuangalia kutoka juu. Andika tarehe. Madaktari wengi huomba picha, na picha ni nzuri, lakini simu zetu zinashikwa na watoto na mafundi. Karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari haisambai. Usipime kila siku. Kusimamisha kila siku ili tu upime kunauma na hakukuonyeshi kitu.

Hatua ya 9: Omba rufaa ukiwa bado kwenye maumivu

Usisubiri kovu likomae ndipo uanze kutafuta daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Uliza hospitali ya mkoa ni siku gani ana kliniki, au kama utapelekwa Muhimbili. Anayetumia bima aulize mapema utaratibu wa barua ya rufaa. Ukifika na daftari la miezi na karatasi zenye tarehe, unampa kazi iliyokwisha kufanyika nusu.

Kuna matibabu ambayo bingwa pekee ndiye wa kuyaamua: mashine ya mawimbi ya mshtuko, ambayo inaweza kupunguza maumivu lakini hainyooshi, sindano ndani ya kovu, na vifaa maalumu vya kuvuta uume taratibu. Upasuaji haufanywi kipindi cha maumivu. Ukifanyiwa leo na kovu likaendelea kubadilika kesho, umepasuliwa bure. Mtu anayekuahidi kukupasua wiki hii, mshukuru uondoke.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuunyoosha kwa nguvu ndilo baya kuliko yote. Wapo wanaoukandamiza kwa viganja, wapo waliofunga kijiti cha mwanzi kama wanavyofunga mche wa mkorosho uliolala. Kila ukiulazimisha unachana utando ule ule, na mchano unaleta kovu jingine.

Vumbi la Kongo na dawa za nguvu zisizo na boksi zinafuata. Unga usioujua umechanganywa na nini unaweza kusimamisha uume saa nyingi juu ya jeraha, na kwa mwenye kutumia dawa za moyo za kundi la nitreti unaweza kumwangusha presha hadi kifo. Supu ya pweza kunywa, ni chakula kizuri. Haitalainisha kovu, na haitakudhuru.

Vitamini E watu wanashauriana sana. Mwongozo ule wa 2015 unawaambia madaktari wasiwape wagonjwa kwa ugonjwa huu. Fedha hiyo nunulia samaki.

Kunyamaza ukaacha kula, ukaacha msikiti au kanisa, ukaacha baraza la jioni: hilo nalo nalihesabu kosa la matibabu, kwa sababu usiku unakuwa mrefu zaidi kwa aliyeshinda peke yake mchana. Ukianza kufikiria kwamba bora usingekuwepo, mwambie mtu siku hiyo hiyo na uje hospitali. Tunalitibu kama tunavyotibu maumivu.

Mambo yakienda kombo

*Nimemeza ibuprofen wiki mbili na namba haishuki.* Rudi ubadilishiwe, usiongeze vidonge mwenyewe. Angalia pia kama unaendelea na tendo huku unaumia. Mara nyingi jibu liko hapo.

*Tumbo linaniunguza, au choo kimekuwa cheusi kama lami.* Acha ibuprofen au diklofenaki mara moja. Choo cheusi ni damu, nenda hospitali leo.

*Hausimami vizuri kama zamani.* Hutokea, kwa sababu ya maumivu, ya hofu, au ya kovu lenyewe. Mwambie daktari, ana dawa zinazojulikana kipimo chake na atakuangalia moyo kwanza.

*Maumivu yalikuwa yameisha, yamerudi.* Kumbuka siku tatu zilizopita: umeanguka, umeteleza kwenye tendo, umebanwa kwenye pikipiki? Rudi hatua ya 3 na ya 4, pumzika tendo wiki mbili. Kupinda kukiongezeka, nenda ukaonekane.

*Nilisikia mlio kama kijiti kinavunjika, uume ukalegea ghafla na kuvimba.* Utando umepasuka. Usisubiri asubuhi, usiende zahanati, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji usiku huo huo.

*Umesimama zaidi ya saa 4 na haulegei.* Ni dharura vilevile, hasa kwa mwenye siko seli au aliyemeza dawa ya nguvu. Sema kweli umemeza nini.

*Nina homa, usaha, au mkojo unachoma.* Hayo ni maambukizi yaliyokuja juu ya ugonjwa huu. Yanapimwa na kutibiwa peke yake.

*Maumivu yamekwisha lakini umebaki umepinda.* Kwa wengi mpindo hauondoki wenyewe, hivyo usidhani umekosea hatua. Andika tarehe ya siku ya kwanza isiyo na maumivu hata ukiwa umesimama. Endelea kuchora karatasi yako kila mwezi. Michoro mitatu mfululizo ikifanana, huenda kovu limetulia: chukua daftari na karatasi zote, mwambie na mkeo aje, mwende kwa daktari bingwa mkazungumze habari ya kunyoosha.